Mti Namba 218

Faili la moto wa kituo cha utafiti wa msitu lilikuwa na kurasa kumi na moja na mkosaji mmoja. Kurasa zilikuwa safi, mkosaji alipatikana siku ileile, na kila mwenye kalamu alikuwa ameshatia saini. Kwa Inspekta hiyo haikuwa dalili njema. Miaka kumi na tisa ya kupigwa chenga ilikuwa imemfunza kwamba kesi ikimfikia imeshaoshwa, imeshamenywa na kukatwakatwa, basi jikoni kuna mtu asiyetaka ionekane na mchanga wake.

Kazini walimwita Kupe. Bosi aliyembandika jina hilo alikusudia tusi. Bosi akahamishwa, jina likabaki, na mwenyewe akalizoea hadi akawa anaitika.

"Saa kumi jioni faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka," mkubwa wake alimwambia kwa simu asubuhi hiyo. "Nenda, ona, tia saini, rudi."

"Nitakwenda, na nitaona," alisema Kupe. Hayo mawili mengine hakuyaahidi.

Mkuu wa kituo alimpokea kwenye mlango wa chumba cha kukaushia mimea. Alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa ametumia miaka thelathini ya maisha yake kutofautisha mimea inayofanana, na hata maneno aliyachagua hivyohivyo, moja moja, akiyageuza kwanza mdomoni.

"Moto ulianza hapa, Jumapili, kama saa tisa alasiri. Kituo kilikuwa kitupu. Tulioitwa tulikuta umeshafika darini."

Kabati la kukaushia lilikuwa la mbao, urefu wa kifua. Chini lilikuwa na koili ya umeme, na juu ya koili palipangwa vibanio: fremu mbili zilizokazwa kwa mikanda, katikati matawi yamelazwa ndani ya magazeti ili yakauke yakiwa bapa. Kibanio kimoja kilikutwa ndani. Ukutani, juu ya kabati, ilibaki alama nyeusi ya rafu.

"Na rafuni kulikuwa na nini?"

"Madaftari ya vipimo vya miti. Msimu wa mvua huwekwa hapa yasiote ukungu. Miaka saba ya kazi ya Daktari Kaboni, majivu matupu."

"Maskini."

"Maskini kweli. Jumatano ijayo walikuwa wanakuja wenzetu wa nje kuyakagua kabla makala yake haijachapishwa. Sasa watakagua nini?"

Kupe aliandika *Jumatano* kwenye kijitabu chake, akapiga mstari chini yake, akauliza kitu kingine kabisa.

"Na aliyeacha kibanio ndani koili ikiwaka?"

"Mama Jani, mtunza mimea wetu. Lebo iliyo kwenye kibanio ni ya Ijumaa, imeandikwa kwa penseli, herufi kubwa, anavyoandika yeye. Nimemsimamisha kazi na kumnyang'anya ufunguo. Ilinibidi."

"Ilikubidi, au ulikuwa unaisubiri nafasi? Nasikia mwezi uliopita mlikwaruzana."

Miwani ilicheza kwenye kamba yake.

"Alinisahihisha jina la mmea. Mbele ya wageni."

"Alikuwa sahihi?"

Mkuu alitazama dari iliyoungua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Ndiyo," alisema. Neno lilimtoka kwa shida, kama jino linalong'olewa.

Mwenye ufunguo, mwenye kinyongo, na mwenye saini ya kwanza kwenye faili. Kupe alimwandika namba moja, akatoka.

Mama Jani alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mimea mikavu, chumba alichokitunza miaka ishirini na tisa na ambacho sasa alikuwa haruhusiwi kuvuka kizingiti chake. Alikuja kila asubuhi kwa saa yake ya kawaida, akakaa nje mpaka jioni, akaenda nyumbani. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumfukuza kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na pingu au na maswali?"

"Maswali. Pingu nzito, nimeziacha garini."

"Una akili. Kaa basi."

"Kibanio uliacha wewe?"

"Ijumaa saa tisa nilitoa kila kilichokuwemo, nikachomoa waya ukutani. Sijawahi kuacha kibanio mwisho wa wiki. Siku niliyoshikwa na uchungu wa kitinda mimba wangu nilichomoa waya kwanza, ndipo nikaenda hospitali."

"Wanasema ni umri."

"Umri uko magotini. Mikono haijaambiwa."

Kupe alivaa glavu, akafungua bahasha kubwa. Rundo la magazeti likikazwa sawasawa haliungui lote. Moto hula pembeni ukaacha moyo. Alilaza karatasi moja kwenye benchi: tawi la majani kumi na manne, kahawia, kingo zimeliwa na moto. Mama Jani aliinama, mikono nyuma, asije akagusa kwa mazoea.

"Nani kapanga hii?"

"Wewe. Kurasa kumi na moja zinasema hivyo."

"Zimekosea zote. Mwanangu, tawi likilazwa, lazima jani moja ligeuzwe, angalau moja. Likishakauka na kugundishwa, mgongo wake hauonekani tena, na mgongoni ndiko kwenye mishipa, vinyweleo, kila kitu. Atakayekuja kulisoma miaka mia baadaye atafanyaje, aligeuze akiwa kaburini? Hapa majani yote yamelala chali. Ua hakuna, tunda hakuna. Hii si sampuli. Hii ni mboga iliyokaliwa."

"Watu wa mimea wote wanageuza?"

"Wote. Wala hawajui kwamba wanageuza. Mkono unafanya wenyewe."

"Na mti wenyewe ni upi?"

Mama Jani alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ule pale maegesho, uliokupa kivuli cha gari lako. Lebo inasemaje?"

Kupe alisoma. Lebo ilikuwa imebaki na pembe tatu. "Kiwanja cha tatu. Mti namba 218. Ijumaa. Unene wa shina, sentimita 31.4."

"Unene!" Mama Jani alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi naandika rangi ya ua, harufu ya gome, urefu wa mti. Unene niupeleke wapi, nauza mbao?" Kicheko kikakatika. "Sikiliza, mwanangu. Mahakamani siendi kwa kupenda, lakini nitakwenda. Kinachoninyima usingizi ni chumba hiki. Mle ndani kuna sampuli elfu kumi na mbili. Wakimpa asiyegeuza majani, ndiyo basi."

Kupe aliinuka. Alikwenda kwenye maegesho, akavunja tawi la mti wa kivuli, akaingia nalo ofisini kwa Mkuu bila kubisha. Mkuu alikuwa kwenye simu. Kupe akamwekea mbele yake gazeti na lile tawi, akaashiria kwa mikono: lilaze.

Mkuu, akiendelea kubishana na mtu wa bima, alilinyoosha tawi, akapunguza vijani viwili vilivyokaliana, akageuza jani moja, kisha la pili, akakunja gazeti. Macho yake hayakutoka dirishani hata mara moja.

"Ilikuwa ya nini hiyo?" aliuliza alipokata simu.

"Ya kwako, mzee. Na imekufaa."

Namba moja ikafutwa. Ilimuuma kidogo Kupe, maana alikuwa ameanza kumpenda kama mtuhumiwa.

Kwenye korido palikuwa na ubao wa wataalamu: picha ya kila mmoja, na chini ya picha njia aliyopita na anachokitafiti. Ubao ule ulikuwa na adabu ya kutocheka. Mkuu: miaka thelathini, familia moja ya mimea, majina mapya manane. Bwana mmoja mwenye mvi na meno machache: miaka ishirini na mbili, mchwa wanaokula magogo. Na mwisho, kwenye fremu mpya, Daktari Kaboni: miaka saba kituoni, kasi ya ukuaji wa miti na hewa ya ukaa inayofungwa ndani ya shina, makala tisa, mwaliko wa uprofesa nje ya nchi kuanzia mwezi ujao. Katika picha wenzake wote walikuwa wameinamia kitu. Yeye peke yake aliitazama kamera.

Alimkuta mezani, shati limepigwa pasi, meza haina hata jani.

"Pole kwa madaftari, Daktari."

"Asante, Inspekta. Nashukuru vipimo vyote vimo kwenye kompyuta. Ila asili ya kitu ni asili."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kiwanja cha tatu, kutwa nzima. Saa moja na nusu kwa miguu kutoka hapa. Nilikuwa namalizia vipimo vya mwaka huu."

"Kwenye madaftari hayohayo?"

"Hapana, mwaka huu naingiza moja kwa moja kwenye tableti, palepale chini ya mti. Kila kipimo kinajiandikia saa." Aliisogeza tableti kwa fahari ya mtu anayeonyesha mtoto wake. "Karibu, taja mti wowote."

"Mimi si mtaalamu. Wa arobaini?"

"Sentimita 22.7. Saa tatu na nusu asubuhi."

"Mia mbili na kumi na nane?"

Ikiwa aligutuka, basi aligutukia ndani. "31.4. Saa tisa na dakika saba alasiri. Mwaka jana ulikuwa 31.1. Mti mzuri, ninaukumbuka. Umenyooka."

"Wa mia tatu na tano?"

Wa mia tatu na tano nao ulikuwa mzuri. Kupe aliomba apige picha za kioo, akapiga, akashukuru. Alikuwa na namba mbili zinazofanana, moja kwenye lebo na moja kwenye kioo, na majani ambayo hayakutoka kwenye mti huo. Kilichobaki ni kwenda kuuona mti wenyewe. Ilikuwa saa tano kasorobo.

"Kiwanja cha tatu?" Yule mwenye mvi na meno machache, ambaye kituo kizima kilimwita Bwana Mchwa, alikuwa ameshavaa buti kabla Kupe hajamaliza sentensi. "Twende. Shemeji yangu amekaa kwenye benchi siku ya nne, na mimi sina la kufanya zaidi ya kumpelekea chai. Marehemu mumewe alikuwa rafiki yangu. Angekuwepo angesema mnamwonea, kisha angeniomba sigara."

Njia ilikuwa ya utelezi, imefungwa na nyasi zilizowafika kiunoni. Bwana Mchwa alitangulia akizipiga kwa fimbo.

"Hapa palipitwa lini mara ya mwisho?" Kupe aliuliza.

"Na mtu? Nyasi hizi hazina kumbukumbu ya mtu."

"Daktari Kaboni anasema alipita Jumapili."

Bwana Mchwa alisimama, akazitazama nyasi zilizosimama wima pande zote, akaendelea kuzipiga. "Labda alipaa. Unajua, mwaka juzi nilimwomba orodha ya miti iliyokufa kiwanja cha tatu. Mimi bila miti iliyokufa sina kazi. Akaniambia hakuna. Miti mia nne, miaka mitano, haujafa hata mmoja! Nikamwambia, Daktari, hata hospitali hawathubutu kusema hivyo."

"Ukafanyaje?"

"Nilicheka. Nani angenisikiliza? Mimi ni mzee wa mchwa."

Kila mti wa kiwanja ulikuwa na kibati cha namba kilichopigiliwa msumari, na chini ya kibati mstari wa rangi nyekundu wa kuonyesha pa kupimia. Rangi ilikuwa imefifia hadi waridi. Walipita 215, 216, 217. Baada ya hapo palikuwa na uwazi, jua likiingia, na miche iliyokimbilia mwanga ikiwa imeshampita Kupe kimo. Katikati ya miche lililala gogo. Bwana Mchwa alipiga magoti, akafuta kuvu kwa kidole gumba, na kibati kikasoma: 218.

"Umenyooka kweli," alisema Kupe. "Umenyooka chini."

Bwana Mchwa hakumsikia. Alikuwa amechokonoa gome, na mbao imemmong'onyokea mkononi. Wadudu weupe wenye vichwa vya rangi ya chai walitawanyika.

"Hawa," alisema kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu zake, "hawaanzi mti mbichi. Wanasubiri kuvu ilainishe kwanza. Sijawahi kuwakuta kwenye gogo la chini ya miaka minne, na kwa kundi kubwa namna hii mimi nasema mitano, sita. Nimeandika makala juu yao. Imesomwa na watu kumi na mmoja."

"Utarudia maneno hayo mbele ya hakimu?"

"Mbele ya hakimu?" Mzee alivua kofia. "Inspekta, nimesubiri miaka ishirini na mbili mtu aniulize."

Kupe alipiga picha gogo, miche, nyasi, rangi iliyofifia. Akang'oa kibati pamoja na msumari wake, akakitia kwenye bahasha, Bwana Mchwa akatia saini kama shahidi. Kipande cha mbao mzee alikitia mwenyewe kwenye kopo, wadudu wakiwemo, na hakukubali kukiacha hata alipoambiwa picha zinatosha.

Saa tisa kasoro dakika kumi walikuwa wamekaa kwenye chumba cha mikutano: Kupe upande mmoja wa meza, Daktari Kaboni upande wa pili, Mkuu pembeni akishika miwani yake. Bwana Mchwa alisubiri nje na kopo.

"Swali moja limenichanganya, Daktari," Kupe alisema. "Mti namba 218 uliupima Jumapili saa tisa na dakika saba?"

"Nimeshakwambia."

"Kwa mkono wako? Ulizungusha utepe kwenye shina?"

"Ndivyo miti inavyopimwa, Inspekta."

Kupe aliweka mezani lebo yenye pembe tatu. "Hii imeandikwa Ijumaa. Unene 31.4. Jumapili saa tisa ilikuwa ndani ya kabati, inaungua. Sasa nisaidie mimi nisiye mtaalamu. Wewe unaupata unene huo Jumapili alasiri, saa moja na nusu kutoka hapa. Mama Jani aliujuaje siku mbili kabla yako?"

"Labda alipima mwenyewe."

"Akapata hesabu yako, mpaka milimita ya mwisho?"

"Inatokea."

"Inatokea," Kupe alikubali, akaweka kibati mezani. Kiligonga mbao kwa sauti ndogo. "Hiki nimekitoa kwenye gogo. Mti huu ulianguka yapata miaka sita iliyopita. Nje kuna mzee mwenye wadudu ndani ya kopo ambaye hamu yake yote ni kukueleza. Ile 31.4 msituni haipo, Daktari. Kwenye kompyuta yako ipo, na kwenye lebo hii ipo. Hizo ndizo sehemu mbili tu."

Mkuu aliinuka nusu, akakaa tena. "Kiwanja kizima?" aliuliza. Swali hilo hakumuuliza Kupe.

Daktari Kaboni alinyoosha pindo za mikono ya shati lake. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ileile ya semina.

"Mwaka wa pili mvua ilikata njia. Nikakadiria. Mwaka uliofuata nikakadiria juu ya makadirio. Miti ya viwanja vingine ilikuwa inakua, kwa nini ya pale isikue?"

"Na madaftari?"

"Ya kiwanja cha tatu yalikuwa meupe. Jumatano wangeyafungua."

"Ukaona yafe yote, na Mama Jani juu yake."

"Ilikuwa ni uzembe tu. Uzembe hauna kifungo kirefu. Angestaafu mapema kidogo."

Kupe alivuta karatasi ya maelezo. Aliandika maneno hayo yalivyo, neno kwa neno, akamsogezea asaini. Kisha akauliza lile ambalo halikuhitajika kwa kesi ila kwake mwenyewe.

"Ulikuwa na majani, ulikuwa na mwandiko, ulikuwa na tarehe. Unene ulikuwa wa nini?"

Daktari Kaboni alifikiri kwa uaminifu, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

"Niliitazama lebo ikiwa haina kipimo," alisema. "Ilionekana ya uongo."

Saa kumi kasorobo mkubwa wake alipiga simu kuuliza kama saini imepatikana.

"Imepatikana," alisema Kupe. "Ila si yangu. Na jina juu ya faili badilisha."

Mama Jani alikuwa bado kwenye benchi. Mkuu alitembea hadi pale mwenyewe, ufunguo umelala kwenye kiganja, akiwa ameandaa maneno, na kwa mazoea yake akaanza kuyachagua. Mama Jani hakumsubiri amalize. Alichukua ufunguo, akafungua mlango, akasimama kizingitini akinusa hewa ya ndani kutafuta unyevu.

"Mwanangu," alimwita Kupe bila kugeuka, "lile tawi la maegesho ninalosikia ulimpa Mkuu alilaze liko wapi?"

"Mezani kwake."

"Liletwe. Kesi ikiisha na ile iliyoungua nitaitaka, nizigundishe zote mbili ukurasa mmoja." Alivaa miwani, akawasha taa. "Na huo mti wa maegesho, mtu aende akaangalie kama una ua. Mimi sampuli isiyo na ua siipokei."

Bwana Mchwa alikuwa ameshaondoka kwenda kuangalia, kopo likiwa bado kwapani.